Muulize Sista: Mkono wa Daktari wa Moyo Hufundishwa Wapi?

Toleo lililopita niliandika kwa ufupi kuhusu madaktari vijana wa hapa Mombasa wanaokuja Jumamosi asubuhi kwenye chumba chetu cha mazoezi kushona mioyo ya mbuzi, ili siku wakipata nafasi ya kusomea upasuaji wa moyo wasifike huko wakiwa wageni wa sindano. Barua zimekuja, kutoka Likoni mpaka Nyali, na nyingine ndefu kuliko makala yenyewe. Nimechagua sita.

Kwa wasionijua: mimi ni nesi wa thieta. Maisha yangu ya kazi nimeyapitisha upande wa pili wa meza ya upasuaji, nikimpa daktari sindano na kuhesabu kila kilichoingia na kutoka. Nimeona mikono mingi. Majibu yangu yanatoka huko.

*

Shikamoo Sista. Mimi ni daktari, namalizia mwaka wangu wa mafunzo ya kazi hospitalini na nia yangu ni upasuaji wa moyo. Nimeona kwenye intaneti sanamu za kufanyia mazoezi, lakini zile nzuri zinauzwa maelfu ya dola. Nina chumba kimoja cha kupanga Mikindani. Naweza kuanza na nini?
*Daktari wa Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Anza na mshipa, moyo utakuja baadaye.

Kazi inayowatoa jasho wengi ni kuunganisha mishipa miwili myembamba, ile inayofanywa mgonjwa anapotengenezewa njia mpya ya damu kwa sababu mshipa wa moyo wake umeziba. Mshipa huo, koronari, una upana wa milimita moja na nusu, mbili ukibahatika. Unapasuliwa kwa urefu wa milimita tano hivi, kisha mdomo wa mshipa uliotolewa mguuni au kifuani unashonwa juu yake kwa uzi wa 7-0, mara nyingine 8-0. Namba ikipanda, uzi unazidi kuwa mwembamba. Uzi huo ukiuvuta kwa pupa unakatika. Ukiubana katikati kwa koleo unaujeruhi bila kuona, na unaweza kuja kukatika kifua kikiwa kimeshafungwa. Kwa hiyo somo la kwanza ni kuuheshimu uzi.

Tafuta ubao wa futi moja, misumari miwili na vibanio vya nguo. Nenda maduka ya vitu vya sherehe ununue baluni ndefu nyembamba, zile zinazokunjwa umbo la wanyama kwa watoto. Moja ivute kati ya misumari, huyo ndiye mshipa wako wa moyo. Ya pili ikate ncha kwa mshazari, huo ndio mshipa wa kupachika. Baluni ni pana kuliko koronari ya kweli, na kwa kuanzia ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu unataka kwanza mkono ujue njia. Mkono ukishatulia, nunua paja la kuku. Tenganisha nyama taratibu kwa ndani na utakuta mshipa wa damu ambao kwa wembamba unakaribiana na koronari ya mtu. Madaktari wanaounganisha mishipa midogo ya vidole wamejifunzia paja la kuku kwa miaka mingi. Hilo paja liwe la mazoezi peke yake, lisirudi jikoni.

Koleo utakalohitaji ni lile la Castroviejo, linalofungika na kufunguka kwa kubonyezwa kati ya vidole. Sehemu kubwa ya vyuma vya upasuaji vinavyouzwa duniani hutengenezwa mji wa Sialkot, Pakistan, na kwa mazoezi huna haja ya chuma cha daraja la juu. Nunua la bei ya chini, ila ulijaribu kwanza: lifunge kwenye uzi mwembamba, uvute. Likiteleza, liache dukani.

Sasa mkono wenyewe. Sindano ishikwe theluthi mbili kutoka nchani. Ingize ikiwa imesimama wima juu ya ukuta wa mshipa, kisha uigeuze kwa kifundo cha mkono, ifuate mviringo wake yenyewe. Wanaoanza huisukuma mbele kama msumari, na tundu linapanuka. Kwenye koronari, sindano itoke ndani kwenda nje, kwa sababu mshipa wa mgonjwa umeganda mafuta ukutani, na ukitoboa kutoka nje unaweza kuyabandua yakaingia kwenye njia ya damu. Zoea hivyo tangu kwenye baluni, ingawa baluni haina mafuta. Marehemu shangazi yangu alikuwa akishona kofia za vito pale Mji wa Kale, na nilichokuwa nikikiona mikononi mwake ndicho ninachokitafuta mikononi mwa daktari: nafasi kati ya tundu na tundu haibadiliki hata akiwa anazungumza na mgeni.

Ukimaliza, usiridhike na uzuri wa nje. Chukua bomba la sindano la mililita 20, tia maji yenye rangi nyekundu ya chakula, funga upande mmoja wa mshipa, usukume taratibu. Utaona kitone kinachomoza, mara nyingi kwenye kisigino, ile pembe ya nyuma ambayo kwa mgonjwa wa kweli ni taabu kuifikia tena. Halafu chukua mkasi, upasue mshipa kwa upande wa pili na uangalie ndani. Hapo ndipo utakapojua kama kuna uzi ulioshika ukuta wa nyuma na kuiziba njia uliyokuja kuifungua. Kazi isiyovuja inaweza kuwa imeziba kabisa, na kwa mgonjwa hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mkono ukishazoea mezani, utie shimoni. Kifua cha mtu kina kina. Weka ubao wako mdogo ndani ya mkebe mkubwa wa Kimbo na ushone humo bila kuegemeza kiganja. Kwa valvu, vile vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma, fanya vivyo hivyo: tengeneza duara la mpira au kitambaa kizito chini ya mkebe, uzungushe nyuzi kati ya 12 na 16, kila moja na jozi yake ya sindano, bila kuzichanganya. Kuzipanga nyuzi hizo ni nusu ya kazi. Nimeona operesheni nzuri ikikwama kwa sababu nyuzi mbili zilipishana.

Jambo la mwisho na ndilo ninalolitilia mkazo: simamisha simu yako juu ya mkebe, urekodi mikono peke yake, na umtumie mtu anayeijua kazi hii. Ukishona peke yako kila usiku bila wa kukutazama, utakuwa unaikomaza ile kasoro uliyoanza nayo. Ukishajiona uko tayari, iulizie COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999. Wanao mtihani wa upasuaji wa moyo na kifua, na Hospitali ya Tenwek kule Bomet ni miongoni mwa mahali wanapofundishia. Na Jumamosi njoo, kiti kipo.

*

Assalaam alaykum Sista. Binti yangu ana miaka 13, valvu ya moyo wake imeharibika na tumeandikiwa akapasuliwe Nairobi. Niliposoma habari za madaktari wanaojifunza niliingiwa na hofu. Je, watamjifunzia mwanangu? Na ugonjwa huu umetoka wapi, mbona alizaliwa mzima?
*Mama wa Likoni*

Waalaykum salaam, mama. Mungu amponye.

Nianze na swali la pili. Watoto wengi wa kwetu wenye valvu mbovu walizaliwa wazima kama wako. Huanza na koo. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokoka, anapewa maji ya ndimu na asali, koo linapoa, watu wanasahau. Wiki mbili tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyoamka kupigana na yule bakteria inaugeukia mwili wenyewe: viungo vinavimba, homa inapanda, na valvu za moyo zinashambuliwa. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara, valvu inakuwa nene, inakakamaa na kushikana, hasa ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto wa moyo. Ndiyo sababu anapewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Usiiache hata moja, na usidhani akishapasuliwa basi imekwisha. Muulize daktari wake itaendelea mpaka lini, kwa kuwa streptokoka anaweza kurudi na kuiharibu hata valvu iliyotengenezwa.

Sasa hofu yako. Mama, mazoezi ninayoyasimulia hapa yapo ili mtu asijifunze kushika sindano kwa mara ya kwanza kifuani mwa binti yako. Hospitali inayofundisha huwa na daktari mkuu anayeongoza operesheni, na kijana anasaidia na kupewa hatua moja moja kadiri alivyothibitika. Una haki ya kuuliza, na uulize kwa utulivu kabla ya kutia sahihi: nani atakayeongoza? Kikosi hiki kimeshafanya valvu kama hii mara ngapi? Usiku wa kwanza, nani atakuwepo chumba cha wagonjwa mahututi? Daktari mwema haudhiki na maswali haya.

Ongeza na hili, kwa kuwa ni binti. Valvu mbovu inaweza kutengenezwa, au ikaondolewa na kuwekwa nyingine. Ikiwekwa ya chuma inadumu sana, lakini atameza wofarini maisha yake yote ili damu isigande, na itabidi apimwe damu mara kwa mara. Akija kuolewa na kutaka mtoto, dawa hiyo ina hatari zake kwa yeye na kwa mimba. Ya mnyama haihitaji wofarini ya maisha, ila kwa mtoto huchakaa mapema na hubidi apasuliwe tena. Kwa hiyo uliza waziwazi: je, ya mwanangu inaweza kutengenezwa? Si kila valvu iliyoliwa na rumatiki itakubali, na daktari atakwambia ukweli. Kuitengeneza ni kugumu kuliko kuibadilisha, kwani inabidi uachanishe midomo iliyoshikana, uikwangue minofu ya ziada, utie pete, na kisha usadiki kwamba haitavuja. Ninapomwona kijana anarudia hatua hizo kwenye moyo wa mbuzi mpaka jua linapanda, mimi namwona binti kama wako.

*

Sista, nina bucha Kongowea. Kuna kijana alikuja kutaka mioyo, akasisitiza nisikate popote. Ile ya ng'ombe huwa imeshapasuliwa inapotufikia. Tufanyeje? Na je, si israfu kuchukua kitu cha kuliwa na kwenda kukichezea?
*Mwenye bucha*

Nashukuru kwa kuuliza, maana bila watu wa bucha chumba chetu hakina kazi. Moyo wa ng'ombe unakufikia na mikato kwa sababu mkaguzi wa nyama huupasua kutafuta viluwiluwi vya tegu. Usimzuie, ni kazi yake. Sisi tunapendelea mbuzi, na ndama akipatikana, kwa kuwa ukubwa wake unamkaribia mtu. Wa ng'ombe mzima unaweza kufika kilo mbili, ilhali wa mtu mzima ni kama gramu 300. Mwambie mchinjaji aukate moyo mbali na mapafu, aache ule mshipa mkubwa mweupe, aota, uwe mrefu kama kidole cha shahada. Aota ikikatwa fupi, nusu ya somo imepotea. Uoshwe, utiwe kwenye barafu, utufikie siku ile ile. Ukigandishwa na kuyeyushwa nyama yake hulegea na haishiki uzi vizuri.

Kuhusu israfu, hukumu ya dini muulize sheikh wako. Ninaloweza kukwambia ni namna tunavyoutumia. Mmoja hushona aota, mwingine koronari, wa tatu hufungua chumba cha kushoto akafanye mitrali, na wa mwisho huchukua valvu ya aota. Ukitoka hapo hauna mahali ambapo sindano haijapita, ndipo tunaupeleka kwenye tanuri la taka za hospitali. Kwingineko, Ulaya na Marekani, hutumia wa nguruwe. Hapa kwetu mbuzi anatosha kabisa.

*

Shikamoo Sista. Sisi ni wanafunzi watatu wa uhandisi wa vifaa vya hospitali, chuo kimoja hapa mjini. Tuna printa ya pande tatu na fundi seremala wa Bondeni anayetusaidia. Tunaweza kutengeneza moyo unaopiga? Au hiyo ni kazi ya nchi tajiri?
*Wanafunzi watatu*

Marahaba, wanangu. Swali lenu limenifurahisha sana, kwa sababu jibu lake limetoka kisiwani, Jamaica.

Daktari Paul Ramphal wa Chuo Kikuu cha West Indies aliona wanafunzi wake hawapati operesheni za kutosha za kujifunzia, kwani wagonjwa wanaofikia thieta walikuwa wachache. Akachukua moyo wa nguruwe kutoka machinjioni, akatia baluni ndani ya vyumba vyake, akaziunganisha na hewa inayosukumwa na kuachiliwa kwa amri ya kompyuta, na akapitisha majimaji mekundu ndani ya mishipa. Moyo uliokufa ukaanza kupiga. Ukiutoboa, unavuja. Yeye na wenzake waliuchapisha mwaka 2005, na baadaye kifaa hicho kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kufundishia wapasuaji wao. Nchi tajiri ndiyo iliyokwenda kuchukua.

Kwa hiyo anzeni. Mota ya waipa za gari mtaipata kwa wauza vipuri vikuukuu. Ina nguvu na inazunguka polepole. Ifungeni kwenye bomba kubwa la sindano ili kila mzunguko usukume hewa na kuivuta, na mpira upeleke hewa hiyo kwenye kidole cha glavu kilichofungwa ndani ya moyo wa mbuzi. Lengeni mapigo 70 kwa dakika, muweze kupunguza. Msitumie umeme wa ukutani karibu na maji. Betri ya volti 12 inatosha.

Kuhusu printa, msichape moyo wenyewe. Ile plastiki ni ngumu, sindano haipiti. Chapeni kalibu, kisha mmimine silikoni laini ndani yake. Hapo mtakuwa na jambo ambalo mbuzi hawezi kutupa: moyo wa mtoto aliyezaliwa na tundu, uliochukuliwa kutoka picha za kipimo cha CT, ili daktari aushike na kuugeuza kabla ya siku yenyewe. Silikoni ina kasoro yake, uzi ukivutwa huichana kuliko nyama inavyochanika. Jaribuni kutandaza kitambaa chepesi cha wavu ndani yake kabla haijakauka.

Na huyo fundi wa Bondeni aje naye. Sina kazi na urembo. Nataka sanduku la mbao lenye umbo la kifua, mdomo wake mwembamba, ambalo naweza kulipandisha na kulishusha ili daktari mfupi na mrefu wote washone wakiwa wamesimama sawasawa. Mwambieni habari za Vivien Thomas, mtu mweusi wa Marekani aliyeanza na useremala. Alitaka kusomea udaktari, akiba yake ikapotea benki zilipoanguka. Akaajiriwa maabara kwa Daktari Alfred Blalock, na humo akafanya kwa mbwa, tena na tena, operesheni ya kuwaokoa watoto wanaogeuka rangi ya samawati kwa kukosa hewa kwenye damu. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza pale Hospitali ya Johns Hopkins, Thomas alisimama nyuma ya bega lake akimwelekeza, kwa sababu yeye ndiye aliyeifanya kazi ile mara nyingi zaidi. Hakuwa daktari. Baadaye aliwafundisha wapasuaji wengi, na mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikampa shahada ya heshima. Mimi nesi ninapowasahihisha madaktari mkono, huyo namkumbuka.

*

Sista, kwa heshima zote. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya upasuaji. Sisi tulijifunza kwa kusimama karibu na mwalimu, tukashika, tukaachiwa kidogo kidogo. Moyo wa mbuzi mezani hautoi damu, na hakuna mama anayesubiri nje. Nachelea mnawapa vijana ushujaa usio na msingi.
*Daktari mstaafu, Nyali*

Shikamoo daktari. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Hakuna ubao utakaomfundisha kijana kuamua kwamba leo asipasue. Hakuna mkebe utakaomwonyesha moyo uliochoka ukikataa kuanza tena baada ya kutolewa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Hayo yatabaki kwa mwalimu na mgonjwa, kama ulivyojifunza wewe.

Lakini nikuulize jambo unalolijua kunishinda. Aota ikishabanwa na moyo ukisimamishwa kwa dawa, saa ya ukutani inaanza kutuhesabia. Kila dakika moyo umo bila damu yake. Kijana akitumia dakika hizo kujifunza jinsi ya kugeuza sindano, nani anayelipa? Fundo la uzi, pembe ya sindano, mpangilio wa nyuzi za valvu, yote hayo yanaweza kujulikana kabla ya kifua kufunguliwa. Kijana anayefika akiwa nayo mkononi, akili yake inabaki huru kukusikiliza wewe mwalimu. Wahenga wamesema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mimi naomba tu jiwe lisiwe mgonjwa.

Na ushujaa usio na msingi ndio hasa tunaoupiga vita, kwa kupima. Mwaka 1997 watu wa Toronto walitoa kipimo kiitwacho OSATS, chenye mambo saba, kila moja alama 1 mpaka 5: namna anavyoitendea nyama, kama mikono yake inatapatapa, anavyoshika vyuma, anavyomtumia msaidizi, na mengineyo. Karatasi moja tu, kalamu, na mtu anayejua. Kijana anayejiona bingwa huipokea karatasi ile kimya, anarudi mezani.

Zaidi ya mkono kuna kikosi, na hapa mbuzi hahitajiki kabisa. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo, moyo wake ukisimama akiwa chumba cha wagonjwa mahututi na mishtuko ya umeme isimwamshe, mwongozo uliotolewa Ulaya mwaka 2009 unataka kifua kifunguliwe tena ndani ya dakika 5. Tano, daktari. Una watu sita wenye kazi sita: wa kukanda kifua, wa hewa, wa umeme, wa dawa, kiongozi, na wa kupanga mambo ya nje. Sisi tunafanya mazoezi hayo kwa sanamu la plastiki lililokatwa kifuani na kushonwa kwa waya, juu ya kitanda cha kawaida. Linaloonekana kwanza huwa ni sauti. Wawili wanaamrisha pamoja, mmoja anafungua kabati lisilo lake, na kile kisanduku chenye mkasi wa waya na chuma cha kupanulia kifua kinatafutwa huku saa inakwenda. Tukirudia, sauti inabaki moja na kisanduku kinajulikana kilipo. Hata mashine ya moyo na mapafu unaweza kuifanyia mazoezi bila mgonjwa: izungushe maji kwenye ndoo, kisha mtu achomoe mpira ghafla bila kusema, uone mwendeshaji atakamata koleo gani kwanza. Wale wa North Carolina walipanga mafunzo yao sita hivyo hivyo, matatu ya kazi za kawaida na matatu ya balaa, likiwemo la hewa nyingi kuingia kwenye mishipa ya mgonjwa. Balaa la namna hiyo daktari anaweza asilione kwa miaka, na siku likija hana muda wa kufungua kitabu.

Sasa nikupe ombi langu. Baluni tunazo, mioyo tunaletewa, wanafunzi wale watatu watatuletea mota. Tunachokosa ni watu kama wewe. Kifaa cha bei rahisi kinafaa tu akiwepo mtu mwenye jicho pembeni yake, na jicho lako limeona miaka mingi ya mikono. Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Hautashona usipotaka. Keti karibu na kijana wa Mikindani, umtazame, na pale anapoisukuma sindano kama msumari umguse kifundo cha mkono, kama mwalimu wako alivyokugusa. Nitakutumia ujumbe kupitia mhariri kukueleza mahali.

*

Sista, mimi ni nesi Changamwe. Stoo yetu ina nyuzi na glavu zilizopita tarehe, zinasubiri kutupwa. Zinafaa kwa mazoezi?
*Nesi mwenzio*

Zinafaa sana, dada, na nyuzi za 7-0 na 6-0 kwetu ni dhahabu. Lakini kwanza pata barua ya msimamizi wa stoo kwamba zimetolewa kwenye hesabu. Kabla hazijatoka mlangoni, kila pakiti iandikwe MAZOEZI kwa kalamu nyekundu isiyofutika, pande zote mbili, na bahasha ya nje ipasuliwe kidogo pembeni ili mtu yeyote ajue si safi tena. Vyuma vya mazoezi viwe na utepe wa rangi moja kwenye mpini na visikae kabati moja na vya wagonjwa, wala visipelekwe kuchemshwa pamoja navyo. Sindano zilizotumika ziingie kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kama kawaida, hata kama zimegusa baluni tu. Nyuzi za kuyeyuka, zile za hariri na za nailoni pia leta, tutafungia mafundo.